Msiba Uliokosa Maiti

Gwang! Gwang! Gwang!

Huo ni mlio wa bakora kwenye geti letu la mabati, na mpaka saa hii ninapoandika bado unanigonga ndani ya fuvu. Jamani, leo nimevuliwa nguo mchana kweupe. (Nguo za heshima, astaghfirullah. Zile nyingine ninazo.) Mtaa mzima umeniona, wazee kwa watoto. Na nina hasira! Kosa langu la leo ni moja, dogo, linaenea kwenye kiganja. Hao wengine makosa yao ni gunia. Lakini anayechekwa ni nani? Mimi.

Ngoja niwaeleze tangu mwanzo, mnihukumu nyinyi. Tulikuwa tunaongea Kisomali, nawawekea Kiswahili ili na marafiki zangu wa Mwingi na Hola waelewe.

Hooyo, mama yangu, yuko Ijara tangu juzi. Dada yangu mkubwa amejifungua, akaenda kumwogesha mjukuu. Nyumbani tukabaki watatu. Kuna Aabo, baba yangu, ambaye jua likichomoza yeye yuko soko la mifugo. Kuna Ayeeyo, bibi yangu mzaa baba, ana kikohozi wiki ya pili sasa na hakuna jirani asiyejua. Halafu kuna mimi.

Hooyo alipoondoka, Aabo aliniita akanikalisha chini.

"Hibo, nakuachia nyumba na mama yangu. Wiki moja. Nisisikie habari yako hata moja kutoka kwa jirani yeyote. Ukiweza hilo, utaenda Nairobi kwa habaryar wako ukajifunze kushona."

Nairobi! Habaryar wangu, mdogo wake Hooyo, anashona nguo za harusi kule, na amekuwa akiniita mwaka mzima. Mnaonijua mnanijua. Shule niliishia darasa la nane, lakini gauni lolote nikiliona kwenye filamu ya Kihindi, nikifumba macho nalikata kichwani: mkunjo hapa, shanga hapa, mkono wa kitambaa chepesi kinachopepea hata bila upepo. Kilichonizuia muda wote ni neno la Aabo. Na sasa amelitoa. Wiki moja tu nikae kimya! Nani anashindwa kukaa kimya wiki moja?

(Msijibu.)

Leo asubuhi nilifanya kazi hata punda angenionea huruma. Ayeeyo nilimpa anjera na chai ya maziwa ya ngamia, nikampa dawa ya kifua, akalala. Nikafagia uwanja. Nikafua. Nikateka maji, nikabandika maharage. Kufika saa nne sikuwa na kazi iliyobaki. Nikatandika mkeka barazani, nikafungua simu, nikachomeka nyaya masikioni ili nisimwamshe mgonjwa. Hilo likumbukeni. Nyaya nilizivaa kwa adabu!

Filamu yenyewe ni zile za Kihindi zilizotiwa Kisomali. Kama hujawahi kuziona, iko hivi: mwanaume mmoja, sauti ya mtu mwenye mafua, anasema maneno ya watu wote. Shujaa ni yeye, jambazi ni yeye, bibi harusi ni yeye, na juzi nilimsikia akiwa kichanga cha siku mbili. Unacheka dakika kumi. Baada ya hapo unasahau, unaona watu tu.

Humo kuna kijana anaitwa Suresh. Anauza maembe kando ya reli. Mama yake ni kipofu. Miaka yote Suresh anahangaika mama apate daktari wa macho, na hatimaye anapata. Siku ya mama kufunguliwa bandeji, majambazi wanamvizia Suresh nje ya hospitali. Kisu! Ndani daktari anafungua bandeji, duara baada ya duara. Nje Suresh anapanda ngazi kwa magoti. Mama anafumbua macho. Kitu cha kwanza anachokiona duniani ni mwanawe, amesimama mlangoni, mkono mmoja tumboni, mwingine umeshika embe alilomchagulia. Anasema, "Mama, unaniona?" Anaanguka.

Jamani.

Mimi nina moyo wa siagi. Mbuzi akichinjwa kwetu mimi huenda kukaa kwa jirani. Nililia. Nilidhani nalia ndani ya koo, kwa ustaarabu. Lakini ukiwa na nyaya masikioni na ngoma zao zinapiga, sauti yako mwenyewe huisikii. Na ulimi una mazoea yake. Mtu ameanguka mbele yangu amekufa, ningesema nini? Nikasema, "Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raaji'uun!" Mara tatu. Kwa nguvu. (Najua. Najua!)

Kosa langu limeishia hapo. Yanayofuata si yangu.

Jirani yetu wa ukuta mmoja ni Eddo Shamsa. Eddo ni shangazi, ingawa si wa damu; kwetu kila mwanamke aliyekuzidi umri unamwita hivyo. Yeye alisikia. Anasema aliniita juu ya ua mara tatu sikuitika. Sawa. Kutoka mlango wake hadi wetu ni hatua ishirini. Mtu mwenye akili angefanya nini? Angekuja aulize! Yeye alijumlisha akiwa pale pale jikoni kwake: bibi anakohoa wiki mbili, binti anapiga mayowe, innaa lillaahi mara tatu. Akapata jibu. Akachukua simu. Akampigia Maalim wa msikiti wetu. Akawapigia wanawake wa mtaa. Akampigia shemeji yake aliyeko Tarbaj. Tarbaj, jamani, kule Wajir! Ayeeyo wangu alishakufa Tarbaj kabla sijamaliza kupangusa kamasi hapa Garissa.

Mimi nilikuwa nimerudisha nyuma ile sehemu ya embe (ndiyo, nilirudisha, nikalia tena) wakati kitu kilipopenya hata nyaya. Gwang! Gwang! Gwang!

Nikafungua geti na macho mekundu kama nyanya. Wanawake kumi na zaidi. Mikeka kichwani, chupa za chai mkononi, jerikeni la maziwa, mfuko wa sukari. Mbele yao Eddo Shamsa, mikono imepanuka kama mlango.

"Hibo, mwanangu! Samir! Samir iyo iimaan!"

Yaani subira na imani. Ndilo neno la msibani. Akanikumbatia, uso wangu ukazama kifuani kwake kwenye harufu ya uunsi, ule ubani wetu, na kitunguu.

Sasa najua mnachouliza. Mbona hukusema? Niseme nini? Kwetu mtu akija na pole, humuulizi pole ya nini. Ni utovu wa adabu. Unaipokea kwanza, habari itafuata. Watu wazima kumi wameingia kwetu na mikeka, wananilia shingoni. Nikafikiri, hawa wanajua kitu ambacho mimi sijaambiwa. Nikapiga hesabu. Ayeeyo yuko chumbani, nimemsikia akikoroma. Aabo yuko sokoni, hapo tu. Aliye mbali ni nani? Aliye kwenye barabara ya Ijara ni nani?

Hooyo.

Suresh nikamsahau pale pale na embe lake. Nilitoa ukelele ambao sikujua ninao. "Hooyo! Hooyo yangu!"

"Maskini," nikasikia mmoja akisema, "anamtaka mama yake. Msiba umemkuta peke yake."

"Mlilie, mwanangu," akasema Eddo Shamsa. "Alikupenda."

Alikupenda! Nikaanguka kwenye mkeka wangu mwenyewe. Kumbe mimi nawalilia wao, wao wananililia mimi, na hakuna hata mmoja kati yetu anayejua anamlilia nani. Hivi ndivyo adabu inavyotuua.

Huko nje ya geti, chini ya mwarobaini, wanaume nao walikuwa wanajaa. Maalim alishafika, na kwetu maiti haisubiri jua lingine, kwa hiyo alishatuma watu makaburini na majembe. Mtu alikuwa amefunga mbuzi kwenye mti. Mipango ya haraka! Mtaa huu bomba la maji likipasuka linasubiri mwezi, lakini kumzika Ayeeyo iliwachukua nusu saa.

Ndipo mlango wa chumba ukafunguka.

Ayeeyo akatoka. Mswaki wa mti mdomoni, tasbihi mkononi, shungi kichwani limekaa vizuri. Akaangalia wanawake. Akaangalia mikeka. Akaniangalia mimi nimelala chini nagaagaa. Aliuliza? Hakuuliza! Amelelewa vizuri zaidi yetu sote. Alitoa mswaki mdomoni, akaja polepole, akajipenyeza kati ya Eddo Shamsa na Eddo Kaltuma, mke wa Maalim. Akajifunika uso kwa ncha ya shungi. Akaanza kulia.

"Jamani! Jamani, alikuwa mtu mwema!"

"Mwema sana," akajibu Eddo Shamsa, macho yamefumba.

"Hakuwa na ubaya na mtu."

"Hata kidogo. Ingawa alikuwa mkali."

"Mkali, lakini moyo safi." Ayeeyo akampigapiga gotini. "Samir, Shamsa. Sote njia yetu ni hiyo hiyo."

"Amin, Ed..."

Eddo Shamsa akafumbua jicho moja. Akageuza shingo. Polepole, kama geti lenye kutu.

Chupa ya chai ilipaa! Sikuwahi kuona wanawake wa umri ule wakiruka hivyo. Mmoja alikimbilia kwenye kamba ya nguo akajifunga na shuka nilizofua asubuhi. Mmoja alisimama pale pale akisoma Ayatul Kursi macho yamefumba. Eddo Shamsa alikimbia bila viatu hadi ukutani, akabaki ameushika ukuta kama anayesukuma gari.

Ayeeyo naye akaruka juu ya mkeka, ameinua gauni. "Nyoka! Yuko wapi nyoka?"

"Eddo," Kaltuma akasema kwa sauti nyembamba, "wewe... si umekufa?"

"Nani? Mimi? Nani kasema?"

Mimi nikainuka. "Kwani si Hooyo aliyekufa?"

"Mama yako amekufa?" Eddo Shamsa akapiga kelele kutoka ukutani. "Lini?"

"Nyinyi ndio mmekuja kunipa pole!"

"Wewe ndiye uliyekuwa unalia!"

"Nilikuwa nalia..."

Hapo ndipo akili iliponirudia. Hooyo hajafa. Alhamdulillah, Hooyo yangu hajafa! Ayeeyo yupo, anatafuta nyoka. Furaha ilinijaa kifuani, na nyuma ya furaha, jamani, nikaiona Nairobi ikiondoka.

Pikipiki ikasimama nje. Aabo akaingia mbio. Kiatu mguu mmoja. Kofia hana. Alikuwa ameacha ng'ombe wake sokoni mikononi mwa mtu asiyemjua hata jina. Alimwona mama yake amesimama juu ya mkeka ameinua gauni, akasimama. Kisha akaenda akapiga magoti mbele ya watu wote, akaishika miguu yake miwili, akaweka paji la uso hapo.

Sijawahi kumwona Aabo akilia. Miaka yangu yote ishirini. Mabega yake yalikuwa yanatikisika kama ya mtoto.

"Na wewe unamlilia nani?" Ayeeyo akamuuliza, anampapasa kichwa. "Mimi hawaniambii."

Hapo moyo uliniuma kweli. Ningeweza kukiri wakati huo kwa hiari yangu, kwa heshima. Lakini sikupewa nafasi. Aabo aliinuka, akapangusa uso kwa kiganja, akauliza kwa sauti ya chini ile mbaya.

"Nani alisema mama yangu amekufa?"

Vidole kumi na zaidi. Vyote kwangu! Hata yule aliyekuwa ndani ya shuka alitoa kidole kupitia shuka.

Maalim akaingia na wazee nyuma yake. Akajikohoza. "Binti, usiogope. Ulikuwa unamlilia nani?"

"Suresh," nikasema.

"Suresh." Akatafakari. Wazee wakatazamana. "Wa ukoo gani?"

Nikavuta ncha ya shungi langu.

"Mtoto wa nani?"

"Mama yake ni kipofu," nikasema. "Alikuwa. Amepona leo."

"Maashallah. Wanakaa wapi?"

"Kando ya reli."

"Garissa hakuna reli," akasema mzee mmoja.

"Ni India, Maalim." Sauti yangu ilikuwa imebaki ndogo kama uzi. "Ni... ni filamu."

Mbuzi alilia. Wazee wenye ndevu nyekundu za hina, watu wanaotatua vita vya visima, wamesimama uwanjani kwetu wananitazama mimi na nyaya zangu zinazoning'inia shingoni.

"Umemsomea innaa lillaahi," Maalim akasema polepole, "mtu wa filamu?"

Kabla sijajibu, sauti ikatoka nyuma.

"Lakini Suresh hafi."

Tukageuka sote. Ilikuwa Kaltuma. Mke wake Maalim! Alishatambua amefanya nini, ila neno lilikuwa limeshatoka.

"Kisu kilipita kwenye embe," akaendelea, macho chini. "Mwisho anaamka."

"Naa Kaltuma!" mwanamke mmoja akafoka. "Mimi bado sijafika huko! Mbona unanimalizia?"

"Umejuaje?" Maalim akamuuliza mkewe.

"Nilisikia watu wakisimulia."

"Watu gani?" akauliza yule mwanamke aliyefoka. "Si wewe ndiye uliyenipa hiyo filamu?"

Mnaona? Mnaona sasa! Nusu ya mkeka ule walikuwa wanamjua Suresh kuliko mimi. Wengine walimlilia mwezi uliopita, kwa mlango uliofungwa na mto mdomoni. Lakini aliyeulizwa ukoo wake ni mimi peke yangu.

Simu ya Maalim ikaita, akabonyeza spika. "Maalim, tumefika kiunoni. Mnaleta saa ngapi?"

"Mnaleta nini?" Ayeeyo akauliza. Akaelewa mwenyewe. Akasogea karibu na simu. "Warya, nyinyi vijana! Hapo mlipochimba ni udongo au mawe?"

"Nani anaongea?"

"Mwenye kaburi."

Simu ilikatika. (Baadaye tulisikia majembe yaliachwa kule kule, na ilibidi Maalim aende mwenyewe kuwashawishi warudi kulifukia.)

Ayeeyo akaamuru yule mbuzi achinjwe hivyo hivyo, iwe sadaka ya uzima wake. Nikaenda kwa jirani, kama kawaida yangu. Kurudi, watu wamekaa kwenye mikeka, wanakula, wanacheka. Eddo Shamsa yuko katikati anasimulia jinsi mimi nilivyomdanganya. Mimi! Alikula mapande matatu huku ananilaumu. Na sahani nani aliosha? Niulizeni.

Walipokuwa wanakunywa chai, Aabo akaniita mbele ya wote. Nikaenda natazama vidole vyangu vya miguu.

"Hibo. Nilisema nisisikie neno kwa jirani."

"Ndiyo, Aabo."

"Leo nimesikia kwa majirani wote, na kwa Tarbaj." Akashusha pumzi. "Nenda Nairobi. Hooyo yako akirudi, panda basi uende. Mimi moyo wangu hauwezi kuishi na wewe na hiyo simu nyumba moja."

Jamani! Niliinua kichwa. Nilikuwa naenda! Kwa kufukuzwa, lakini naenda!

"Haendi," akasema Ayeeyo.

"Hooyo..." Aabo akaanza kumsihi mama yake.

"Nimesema haendi. Nimekaa misiba mingi mtaani hapa. Vijana wa siku hizi wanalia kama mtu anayepiga chafya. Huyu sauti yake imenitoa usingizini na dawa ya kifua ndani. Siku yangu ikifika, namtaka yeye hapo barazani."

"Eddo," Maalim akasema kwa upole, "dini haipendi kumpigia maiti mayowe."

"Basi alie kidogo. Kidogo chake kinafika Tarbaj."

Waliangua kicheko. Wote. Maalim alificha mdomo kwa ndevu. Aabo alicheka, wallahi, yeye aliyekuwa analia saa chache zilizopita.

"Nikae mpaka lini, Ayeeyo?" nikauliza.

"Mpaka nife."

Haya, niambieni nyinyi wenye elimu. Baba ameruhusu, habaryar ananiita, na mimi siendi kwa sababu nalia vizuri! Safari yangu yote sasa inamngoja Ayeeyo afe, na Ayeeyo akifa mimi ndiye wa kwanza kuzimia. Nimuombee nini Mungu? Na wewe unayesoma hapo umekunja midomo, nakuona. Ukicheka, siku ya msiba wako nakuja na ninakaa kimya kabisa.

Waliondoka baada ya alasiri. Aabo alirudi sokoni kuwatafuta ng'ombe wake. Ayeeyo akaingia chumbani kujinyoosha. Nilikusanya mikeka, nikazianika upya shuka, nikakaa barazani niwaandikie haya yote.

Nilipofika hapa nikagundua simsikii akikoroma. Wala kikohozi sikisikii.

Nikaweka simu chini. Nikaingia kwa ncha za vidole, nikapiga magoti kando ya kitanda chake, nikaweka kiganja mbele ya pua yake. Pumzi ikanigusa, ya moto, inanukia iliki. Nikaingoja ya pili. Nikaingoja ya tatu. Kisha nikamvutia shuka hadi mabegani.